Pindo la Vidole Vinne

Nguo ya mtoto isitoke mikononi mwake bila pindo la vidole vinne kwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya mama mmoja mshonaji, na aliishika kwa ukali ambao wengine huuweka kwenye sala. Alianza na sare za shule, akaendelea na suruali za wanaume, na mwishowe hata foronya hazikusalimika. Mteja akiuliza kitambaa chote hicho kimefichwa humo ndani cha nini, alijibiwa kwamba ni cha mwakani. Mtaa mzima ukamwita Mama Pindo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye cheti.

Kibiashara, kanuni hiyo ilikuwa sawa na kujikaba koo mwenyewe. Sketi aliyoishona ilimtosha msichana wa kwanza mpaka akachoka nayo, ikafumuliwa kidogo, ikamfuata mdogo wake, na bado ikabaki na nafasi ya binamu. Wateja walimpenda sana na hawakurudi. Mtaa wa pili kulikuwa na fundi kijana mwenye maneno matamu, ambaye sare zake zilibana kiasi kwamba mtoto akila vizuri likizoni, shule zikifunguliwa lazima ashonewe nyingine. Huyo alikwisha kununua pikipiki. Mama Pindo alimwona akipita nayo, akalitazama shati alilojishonea, akasema tu kwamba kwapa la kulia litaachia kabla ya mvua. Liliachia, lakini pikipiki ilizidi kwenda.

Mumewe alikuwa mlinzi mlangoni mwa benki. Kwa kuwa alishinda akiwatazama wenye nazo wakiingia na kutoka, alijihesabu mtaalamu wa mambo ya ustawi. Alidai hajapata kumwona mtu aliyetoka mle ndani na uso wa raha: waliokwenda kuweka walitoka na wasiwasi, waliokwenda kutoa walitoka na huzuni. Yeye alikwisha kuamua kwamba ustawi ni usingizi wa alasiri, na siku zake za mapumziko alistawi mpaka akakoroma. Mkewe alizifumua suruali zake kila tumbo liliposogea, na ndoa yao ikaenda bila kelele.

Mwenye kelele alikuwa dada mkubwa wa Mama Pindo, ambaye watu walimwita Mama Ghorofa kwa sababu alikuwa na nyumba ya ghorofa barabarani, maduka chini, yeye juu. Kwake ustawi usioonekana haukuwa ustawi. Makochi ya sebuleni kwake yalikuwa bado yamevaa nailoni ya dukani, na mgeni akikaa yalilia kama bata aliyekanyagwa. Vikombe vizuri vilikaa kabatini nyuma ya kioo vikitazamwa, na chai ikanywewa kwenye vile vilivyomeguka.

Dada hawa walitoka tumbo moja na nyumba moja, na kilichowatenganisha ni gauni. Mkubwa akiwa bado shule ya msingi alipandishwa jukwaani kukariri shairi mbele ya wazazi. Gauni lake lilikuwa limekatwa kwa kubania kitambaa kisichotosha. Kwenye beti za mwisho alivuta pumzi kwa nguvu, nalo likapasuka mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni. Alilimaliza shairi ameegemea ukuta, akashuka jukwaani kinyumenyume, na watoto wakamwita Kaa mpaka alipomaliza shule. Siku ile mkubwa aliapa kwamba watu hawatamwona tena na kitu kilichochoka. Mdogo alilala na gauni lililopasuka, akilipapasa mishono, akijiuliza kwa nini hakukuachwa hata kidole kimoja cha kitambaa humo ndani.

Mama Ghorofa alipopanda ngazi za maisha, gauni lile alilizika. Watu wake wapya aliwaambia kwamba baba yao alikuwa mtu wa vitambaa. Huo haukuwa uongo kamili, maana mzee alikuwa dobi na vitambaa vya mji mzima vilipita mikononi mwake. Lakini aliyesikiliza alibaki na picha ya duka kubwa, na Mama Ghorofa hakuwa na haraka ya kumtoa huko. Mdogo alijua, akanyamaza. Kunyamaza kwa mtu anayeheshimu dada yake si dhambi kubwa, ila ni mahali ambapo dhambi hupenda kuanzia.

Binti wa Mama Ghorofa alipochumbiwa na familia ya watu wa malori, mama yake alishuka mpaka barazani kwa mdogo wake na pendekezo. Mpangaji wa chumba cha mbele, kile cha chini kinachotazama barabara, alikuwa anahama. Chumba kilikuwa na mlango wa chuma, dirisha la kioo na taa mbili. Mama Pindo akishona gauni la harusi likapendeza mbele ya wakwe, chumba ni chake, na kodi wataelewana kindugu.

Mama Pindo aliacha kukanyaga cherehani. Maisha yake yote alishonea barazani. Mvua ya upande ikija alifunika cherehani kwanza, vitambaa pili, na yeye mwenyewe akasubiri zamu yake. Kuku wa jirani walikuwa wakitembea juu ya kitambaa kilichokwisha kuchorwa chaki. Hakutamani pikipiki wala ghorofa, ila mlango aliutamani mpaka akauota, na katika ndoto alikuwa akiufunga na kuufungua bila sababu.

Masharti yalikuwa mawili, na dada aliyataja akiwa amesimama, maana kiti cha barazani hakukiamini.

"Gauni likae kama ngozi. Hilo pindo lako safari hii libaki kwenye mkasi."

"Litabaki, dada."

"Na mbele ya wakwe maneno niachie mimi."

"Nimekuachia."

Kitambaa kilikuwa satini nyeupe, laini kama maziwa. Mama Pindo alipima, akachora, akashika mkasi, na mkasi ukapita nje ya mstari. Akajiambia ni vidole viwili tu, vya tahadhari. Alipofika kiunoni akaona viwili vina ubahili, akafikisha vinne. Kisha akayakunja mapindo yote kwa ndani, akayapiga pasi, akayafunika kwa bitana ya satini iliyoshikizwa kwa mkono, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alimwamsha mumewe alasiri, akamweleza alichokifanya.

"Nani atakayelipindua gauni la bibi harusi?" mumewe aliuliza, akageukia ukutani.

Hapa lisemwe bila kuremba. Alikuwa ametoa neno lake, na pindo lile lililofichwa lilikuwa uongo, hata kama lilinyooka. Angeweza kumwambia dada yake hapo hapo barazani kwamba bila pindo hashoni. Hakusema, kwa sababu alikuwa anautaka mlango.

Siku ya kulijaribu gauni, mama wa bwana harusi alifika na wifi yake. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyetembea kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Walikaribishwa kwenye makochi, makochi yakalia, wote wakajifanya hawakusikia. Vikombe vya kabatini vilikuwa vimetolewa. Binti akatoka chumbani amevaa, akazunguka, na kwa kweli gauni lilimkaa kama alizaliwa nalo. Mama Ghorofa akamrushia mdogo wake jicho, na katika jicho lile Mama Pindo aliusikia mlango wa chuma ukifunguka.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyewaambia. Mama huyu wa malori, kabla ya malori, alikuwa mshonaji. Mtu wa kazi hiyo akipewa nguo nzuri hasifu. Huigeuza. Binti alipokwenda kubadilisha, mgeni aliliomba gauni, akalilaza mapajani, akalipindua nje ndani. Kidole chake kikatembea juu ya bitana, kikafika kiunoni, kikasimama. Akabana, akapima kwa vidole. Vinne upande huu, vinne upande ule.

Binti aliporudi, mgeni alimwita kwa upole wa kutisha.

"Mwanangu, hii nafasi hapa tumboni ni ya nani?"

Kochi la wifi lililia, maana alikuwa amesogea mbele na tayari anahesabu miezi kwa vidole. Binti alimtazama mama yake, akamtazama mama mdogo wake, machozi yakaanza kumtoka. Alisema hana kitu, anaapa hana kitu. Mama Ghorofa akadakia kwamba hiyo ni mitindo mipya. Mgeni akajibu kwamba mitindo anaijua, na mtindo wa kushona gauni la watu wawili kabla ya harusi haujafika kwao, na ukifika hautaingia kwake.

Mama Pindo alitamani ardhi ipasuke. Badala yake alisimama, na kwa kuwa maneno alikuwa ameyaachia dada yake, akaanza na vitendo. Alilipindua pindo la sketi yake mwenyewe: vidole vinne. Akaenda kwa binti, akakunjua pindo la chini la blauzi aliyomshonea zamani: vinne. Wifi akasema hao ni wa nyumba moja, watakuwa na ugonjwa mmoja. Basi Mama Pindo akaliendea dirisha, akainua pazia ambalo nalo alilishona yeye, akalionyesha kwa chini.

Mama wa malori alilitazama pazia.

"Hata pazia, mkwe?" aliuliza. "Nalo linatarajia mtoto?"

"Dirisha likija kubomolewa kuwa kubwa," alisema Mama Pindo.

Mdomo wa mgeni ulicheza pembeni, lakini hakucheka bado. Alisema sawa, ameona kwamba ni tabia na si siri ya binti, ila tabia kama hiyo haimwingii mtu hivihivi. Alitaka kujua imetoka wapi, maana mwanawe hataoa maelezo nusu.

Mama Pindo alimtazama dada yake. Dada alikuwa akitikisa kichwa taratibu, mara moja, mara ya pili, kwa macho ambayo mdogo aliyaona mara ya mwisho chini ya jukwaa. Akamtazama na binti, ambaye alikuwa amejifunika uso na kanga kana kwamba tayari ametangazwa. Halafu akasema yote. Alisema juu ya shairi na ukuta, na mgongo uliopasuka, na kushuka kinyumenyume. Alisema kitambaa hakikutosha kwa sababu kilikuwa kipande kilichosahauliwa na mteja, na mteja alisahau kwa baba yao, na baba yao alikuwa dobi. Jina la Kaa ndilo pekee alilolibania.

Kicheko cha mama wa malori kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, na kochi likalia naye. Alipopata pumzi alisimulia kwamba mumewe alianza na mkokoteni mmoja usio na breki, na kwamba yeye mwenyewe aliolewa na gauni la kuazima lililofungwa mgongoni kwa pini, akaambiwa asiiname. Akamvuta binti, akamfuta machozi kwa kiganja, akamwambia harusi ipo palepale. Hata wifi alikunjua vidole vyake. Mlangoni mgeni aligeuka na kuuliza kama Mama Pindo hushona suruali za wavulana, maana ana wajukuu wanaokua kama wanamwagiliwa maji. Kisha akamshika mkono Mama Ghorofa, akamwambia sasa ndiyo wamekuwa ndugu, na alimaanisha hivyo.

Mama Ghorofa aliwasindikiza mpaka chini akitabasamu. Alipopanda tena, tabasamu alikuwa ameliacha kwenye ngazi. Alianza kuvirudisha vikombe kabatini, kimoja kimoja.

"Nilikuomba jambo moja," alisema bila kugeuka.

"Mawili, dada. Nimeyakosa yote mawili."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua. Nisamehe. Ila mtoto alikuwa anaaibishwa."

"Mtoto alikuwa anaaibishwa kwa pindo lako." Akafunga kioo cha kabati. "Ungelikata, nani angeuliza habari za baba?"

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mama Pindo alichukua tepu yake na mkebe wa pini, akamwambia dada yake kwaheri, akashuka ngazi. Binti alimkimbilia hadi chini, akamwambia gauni atalivaa kama lilivyo. Alilivaa. Siku ya harusi alikula, akacheza, akakaa, akainama, na nguo haikulalamika. Mama wa malori alieleza meza nzima habari za shairi na ukuta, kwa mapenzi kabisa, na Mama Ghorofa akacheka pamoja na wengine huku amekishika kikombe kwa mikono miwili.

Chumba cha mbele alipewa fundi wa mtaa wa pili. Pikipiki yake hulala ndani, chini ya taa mbili, na sare za kubana zinaning'inia dirishani. Wajukuu wa malori walikuja kwa Mama Pindo wote kwa mpigo, wakashonewa suruali, na hawatarudi kwa miaka kadhaa. Mumewe, alipoulizwa anaonaje, alisema barazani kuna upepo mzuri wa kulalia.

Kushika kanuni kwa kuivunja ahadi kulikuwa na gharama, nayo ni hii: Mama Pindo bado anashonea barazani, mvua ikija kazi inasimama, na dada yake hajakanyaga pale tangu harusi.