Nilivyonyamazishwa na mkwe wangu kwa habari ya ng'ombe

Leo nimefungwa mdomo nyumbani kwangu Machame, mimi ambaye hata mchungaji haniwezi kwa maneno!

Mkwe wangu Neema ana mimba ya miezi minane. Asubuhi akasema anaogopa uchungu wa kuzaa, atamwomba daktari ampasue.

Nikawaka. "Mama yenu amezaa saba bila kisu! Ukoo huu hauogopi!"

Mke wangu akacheka mpaka akamwaga maziwa. "Nilizaa mimi. Wewe ulikuwa kilabuni unakunywa mbege."

Huyo nimemzoea.

Neema sasa, kwa adabu kabisa: "Samahani baba. Ndama alipokwama tumboni mwa ng'ombe wako mwaka jana, nani alimpigia daktari wa mifugo huku analia, 'Mpasue, siwezi kumsikia akiteseka'?"

Jamani.

Ng'ombe mwenyewe anatoa lita ishirini, hamna wa kumfikia huku kwetu. Lakini ni kweli nililia.

Basi Jumatatu nampeleka Neema hospitali mwenyewe. Daktari akiucheka woga wake, atanitambua.

Na nyie wazee mnaonicheka hapa, semeni ukweli: nani hajawahi kumlilia ng'ombe?