Siku Nilipomtania Maganga Nyuma ya Benchi la Kocha

Jamani, kuna aibu za kusimulia na kuna aibu za kufa nazo, na hii yangu nilishaiweka kwenye fungu la pili, lakini kwa kuwa mmenikalisha na chai mmenipa, basi sikilizeni, mcheke haraka haraka tumalize. Hata leo basi likipita mbele ya ule ukumbi wa michezo kule Northfield, mimi najifanya natafuta kitu mfukoni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini huku kwa Waingereza, nimepanga chumba mtaa wa Winson Green, na chumba cha pili alikaa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mrefu hadi anagonga kichwa kila mlango wa nyumba ile (mwenye nyumba alifika mahali akafunga sponji juu ya mlango wa choo). Alikuja kusomea ufundi wa mitambo, masomo yakaisha, tiketi ya kurudi iko kwenye droo, ndipo kocha wa timu moja ya kulipwa ya mpira wa kikapu alipomwona kituo cha basi akamwambia njoo nikujaribu mechi tatu, ukinifaa nakupa mkataba. Maganga hakulala siku mbili kwa furaha.

Basi nyumba nzima ikawa bunge. Wengine wakasema yule ni urefu tu, mpira hajui, anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe, na kweli alikuwa anajikwaa, siwezi kusema uongo. Wakili wake nilikuwa mimi. "Mpeni miaka miwili," nasema, "mikono kama ile mji huu haujawahi kuiona!" Nilibishana mpaka ugali ukapoa. Lakini hayo niliyasema akiwa hayupo. Akiingia tu, nageuka: "Haya, mpagazi huyo, ficheni mizigo!" Maana mimi Kondo ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, tangu misafara ya Wanyamwezi kubeba mizigo hadi pwani kwetu, na mtani unamtukana mbele za watu naye anakutukana, hakuna kununa. Ukimsifu machoni pake ni kama umemfanya mgeni.

Mechi mbili za kwanza nilikuwa kazini, nikasikia tu kwamba amevurunda. Ya tatu ilikuwa Jumamosi mchana, nikabadilishana zamu, nikaenda. Viti vya juu vilikuwa tele, na ningekaa huko leo msingekuwa na cha kucheka. Lakini niliona kiti kimoja kitupu nyuma kabisa ya benchi la kocha, nikasema hapo hapo, sauti imfikie vizuri. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Kihindi mwenye skafu ya sufu, nikamsalimu kwa Kiingereza, akaitikia kwa Kiingereza, tukaishia hapo.

Mpira ukaanza, nami nikaanza. "Weee mpagazi, tua mzigo! Unakwenda nao wapi, Ujiji?" Maganga kusikia Kiswahili akacheka, na kucheka kwake mpira ukamponyoka. "Mrudisheni kwao, huyu hajui kitu!" Akacheka tena, akajikwaa. Mimi moto ukanipanda, nikasimama na chai yangu mkononi: "Ninyi si ndio mlilala kwenye kaburi la babu yangu, mkakataa kutoka mpaka mkapewa kuku?" (Na kweli walilala, ndiyo kazi ya watani msibani, kuwachekesha wafiwa.) Kila nikipiga kelele, yule mzee anamwinamia kocha, anamnong'oneza, na kocha anageuka kunitazama. Mimi mjinga nikamwonyesha dole gumba!

Ghafla Maganga akatolewa. Kocha akanigeukia, mfupi, uso mwekundu. "Bwana, wewe ni mtu wa nchi yake?"

"Ndiyo," nikasema kwa fahari.

"Ni kweli alilala kwenye kaburi la babu yako akadai kuku?"

Lahaula! Nikamtazama yule mzee. Akaniambia kwa Kiswahili cha kunyooka kabisa, "Mimi naitwa Ramji. Nimeuza dukani Kampala miaka thelathini, mpaka tulipofukuzwa. Kila neno nimesikia, nami nimemwambia kocha, maana si vizuri kuweka mtu wa namna hiyo kwenye timu."

Mkataba wa mtoto wa watu nimeuchana kwa mdomo wangu! Nikaanza kumweleza kocha, na Kiingereza chote nilichokuwa nacho kikanikimbia, nikabaki kusema, "Anaruhusiwa! Hata mama yake mimi naruhusiwa kumtukana!" Kocha akazidi kukunja uso. Nikaona nimkaribie tuelewane, nikaruka benchi, chai yote ikamwagikia suruali yake, nami sikusimama mpaka katikati ya uwanja, mpira unachezwa, watu wazima kumi wananikwepa. Filimbi! Refa akatuadhibu pale pale, wapinzani wakarusha mpira wa bure ukaingia, pointi moja, ukumbi mzima unazomea na mimi nimeshika kikombe kitupu.

Nikahisi nanyanyuliwa kwapani. Maganga! Alinibeba juu ya kichwa chake, mikono imenyooka, akatembea nami taratibu kutoka kikapu hadi kikapu akisema, "Mzigo wa Kizaramo huu, mwepesi, ndani hamna kitu!" Watu wakavunjika mbavu. Akanitua mbele ya kocha, akamwambia kwa upole, "Huyu ni mtani wangu. Siku akinisifu ndiyo uogope."

Kocha hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu ya Maganga. "Umebeba mtu mzima hujajikwaa hata mara moja," akasema. "Rudi ndani. Mpira ushike juu hivyo hivyo, usiushushe."

Akarudi, dakika kumi za mwisho. Kila mpira uliogonga ubao aliudaka akaushika juu kama mzigo, na hakuna aliyeufikia. Bwana Ramji mwenyewe alisimama, skafu mkononi, anapiga kelele, "Tua, mpagazi, tua!" Tukafungwa kwa pointi moja. Ndiyo, ile ile yangu, msinitazame hivyo.

Mkataba Maganga alipewa, wa msimu mmoja, na sharti lilikuwa moja: mimi nisikae tena nyuma ya benchi. Naye akanitoza faini ya utani, nibebe begi lake kichwani hadi kituo cha basi, Mzaramo mpagazi wa Mnyamwezi, mashabiki wote wanaona. Nikabeba.

Pale kituoni nikashindwa kujizuia. "Maganga, mimi nimekuamini tangu siku ya kwanza. Utakuwa mchezaji, wallahi."

Macho yakamlowa, akanigusa paji la uso kama anayepima homa. "Kondo," akasema, "usirudie tena kusema hivyo. Utanitisha."

Sijarudia. Na kabla ya kumtania mtu, kwanza namwamkia jirani yangu kwa Kiswahili.