Babu wa Tanuruni na Macho ya Beatus

Anayetaka kucheka acheke, lakini haya niliyaona mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nne na bado nikanunua lori miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wenye vyeti wakiomba lifti juu ya mizigo yangu. Nidanganye ili nipate nini?

Dereva alikuwa mdogo wangu Beatus, kijana mwenye nguvu za ng'ombe dume. Tunatoka Kabwe, ziwani, na samaki wa migebuka, jua linazama, akafunga breki ghafla.

"Kaka, nani kabandika nywele kwenye kioo?"

Nikafuta kioo. Hapakuwa na unywele. Akasema sasa ni moshi mwekundu, tena jicho la kushoto tu. Nikalitazama: jeupe, zima kabisa.

Tulisimama karibu na tanuru la kale la udongo, moja ya yale ambayo Wafipa wa zamani waliyeyushia chuma. Babu mmoja akatokea nyuma ya tanuru hilo. Beatus akamwamkia, "Shikamoo, babu." Hakuitikia.

"Linavuja damu kwa ndani," akasema. "La kulia nalo limeanza." Akarudi nyuma ya tanuru.

Nani alimwambia? Nikajua mchawi ndiye huyo. Kwetu ukimshuku mtu unachota udongo wa unyayo wake, mganga anamrudishia uchawi wake. Nikashuka na leso. Niamini: vumbi la kiangazi lilifika vifundoni, na nyayo zilikuwa zangu peke yangu. Babu hayupo.

"Twende kwa mganga hivyohivyo," nikasema.

"Utampelekea nini, kaka? Leso?" Beatus akanicheka.

Basi nikashika usukani mpaka hospitali. Daktari akamulika. Mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho inavuja, akasema, ugonjwa unaowapata hata vijana wazima kama huyu. "La kulia nalo limeanza, ila hilo bila kumulika hakuna anayeweza kujua."

Akatuandikia rufaa. Hospitali kubwa walilichoma la kulia kwa mwanga, likapona. La kushoto halikurudi.

Beatus sasa anauza dukani kwangu, usukani hagusi. Anasema babu yule alimwokoa. Mimi nauliza: alijuaje, kama si yeye aliyeitoboa mishipa ile?

Wewe unayesoma, kijana wako akilalamika kuona nywele au moshi machoni, mkimbize hospitali siku hiyohiyo. Mchawi utamtafuta baadaye. Mimi bado namtafuta.