Siku Mama Alipoingia Baharini Kizimkazi

Enzi zetu, watoto wa mjini, Mkunazini, shule ikifungwa hatukuulizana tunakwenda wapi. Asubuhi madrasa, mchana mpira wa nage uchochoroni mpaka jirani atumwagie maji kutoka dirishani, jioni kutumwa dukani. Pwani ya shamba ilikuwa habari nyingine, ya mara moja kwa mwaka, na usiku wa kuamkia safari usingizi ulikuwa haupatikani.

Nakumbuka likizo moja ya mwezi wa sita. Baba, aliyekuwa fundi saa Darajani, aliazima pikapu ya rafiki yake, akatangaza kuwa tunakwenda Kizimkazi. Mimi na dada yangu Rukia tuliamshwa na harufu ya sambusa, tukamkuta Mama keshafunga kila kitu: sufuria la pilau lililoviringishwa blanketi lisipoe, katlesi, mkate wa kumimina, na dumu la maji ya ukwaju. Kijana wa leo akienda pwani hubeba chaja tu, akifika anauliza chipsi zinauzwa wapi.

Bibi, mamake Baba, alikaa mbele. Sisi tulikaa nyuma juu ya mkeka pamoja na Mama na mdogo wetu Hamdu, aliyekumbatia tyubu ya gari kama mto. Njia nzima Baba alipaza sauti dirishani akitusimulia alivyokuwa akichupa baharini pale Forodhani ujanani. "Wenzangu walikuwa wakiniita samaki," alisema. Bibi akatazama nje.

Tulipofika maji yalikuwa yamejaa, ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Tukaoga na nguo zetu, tukafukuza kaa, tukala sambusa na mchanga wake. Mama alikaa na Bibi chini ya mvinje, buibui limemfunika mpaka miguuni, anamenya machungwa. Tulijua katokea kisiwa cha Tumbatu, kaletwa mjini kwa kuolewa, lakini kwetu sisi alikuwa mtu wa cherehani na jikoni. Hatukuwahi kumwona akitia hata mguu baharini.

Rukia ndiye aliyeona. "Hamdu yuko wapi?"

Tyubu ilikuwa mbali, inazunguka taratibu. Upepo wa kusi ulikuwa ukiisukuma nje, na maji yanayotoka yakiivuta. Hamdu alikuwa akitupungia mkono, akidhani ndiyo raha yenyewe.

Baba alikimbia na kikoi chake mpaka maji yakamfika kifuani. Hapo akasimama. Akasogea mbele kidogo, akarudi.

"Baba Rukia, hebu nipishe," Mama alisema nyuma yake, bila kupaza sauti. Buibui kashalivua, kajifunga kanga kibwebwe. Akajilaza juu ya maji, akaenda, mikono yake hairushi hata tone. Bibi alisimama akisoma dua. Rukia alinibana mkono mpaka ukaniuma. Kichwa cha Mama kilizidi kuwa kidogo, kikapotea nyuma ya wimbi, kikatokea tena, na mwishowe tukaona mkono wake umeshika tyubu.

Alirudi polepole akiisukuma mbele yake. Hakushindana na maji. Alikata mkondo kwa ubavu, akatokea mbali na pale alipoingia. Tulimkimbilia. Hamdu alikuwa analia kwa sababu ametolewa majini. Mama akambusu, halafu akamfinya paja.

"Mama, umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Tumbatu," alisema akikamua kanga. "Kwani mlifikiri kule tulikuwa tukicheza wapi?"

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Baba alikuwa kakaa mchangani, kikoi kinachuruzika maji. Akasema, "Forodhani nilikuwa nikichupa kweli. Lakini kutoka, nilikuwa nikivutwa na wenzangu."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, Mama akafuata. Baba alicheka mwisho. Kisha akampakulia Mama pilau kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Likizo zilizofuata Mama ndiye aliyetufundisha kuogelea, na Baba alikuwa mwanafunzi mwenzetu, tena mzito.

Sasa Baba keshatangulia mbele ya haki. Juzijuzi, shule zilipofungwa, niliwapeleka wanangu Kizimkazi pamoja na bibi yao. Walivaa majaketi ya kuelea, wakapiga picha, wakazitazama, wakapiga tena. Maji yakatoka wakiwa bado wanachagua picha ipi imependeza. Mama, ambaye magoti hayamsaidii tena, alikuwa kakaa kwenye kiti anawatazama. "Hawa wamekuja kuoga au kupigwa picha?" akaniuliza.

Wanangu wanaujua hata utoto wangu. Picha zangu zote, hata za zamani, nimeziingiza kwenye simu, na wameshazichoka. Sisi wazee wetu tuliwajua kidogo kidogo, na mengine tukayakuta kwa bahati, mchana mmoja wa likizo, tumesimama mchangani roho mkononi. Sijui lipi bora. Najua tu kwamba jioni ile, njiani kurudi mjini, tulimlalia Mama sote watatu, nguo zake bado mbichi kwa maji ya chumvi, na hakuna aliyepiga picha.