Mashimo Ishirini na Matatu ya Soavelo

Ulisikia redioni kwamba asilimia thelathini ya nchi kavu na bahari itahifadhiwa ifikapo mwaka 2030. Ukaona ni jambo jema, ukabadilisha kituo utafute mpira. Hukuuliza ni thelathini ya nani.

Saa moja asubuhi, bamvua limevuta maji mbali. Soavelo, mwenye miaka hamsini na mbili, anatembea juu ya mwamba wa Andranombala, uso kaupaka unga wa manjano wa kukinga jua, mkononi kashika mti wenye ncha ya chuma. Wenzake wametawanyika kutafuta pweza. Yeye amesimama mbele ya boya jekundu la mpaka wa hifadhi.

"Pale ni kwa mama," anasema. "Shimo lake, na la bibi kabla yake. Sasa nalitazama tu, kama mgonjwa wa sukari kwenye harusi."

Wifi yake, Zafitiana, anamcheka. "Wewe ndiye uliyewapeleka hao maofisa, wifi. Uliwashika mkono kabisa."

Ni kweli, na ndilo linalomla.

Februari, maofisa wa hifadhi walikuja na karatasi pana na kalamu za rangi. Wakawaomba wanawake waonyeshe pweza wanakaa wapi. Wanaume, wavuvi wa nyavu, walipoulizwa yao walitaja sehemu za uongo, wakaenda zao. Lakini mwanamke wa hapa haliongopei shimo alilorithi; akiliongopea, pweza wanalihama. Soavelo peke yake alitia alama ishirini na tatu.

"Nikamwuliza yule mwenye kalamu, bwana, hizi ni za nini? Akasema, 'Mama, tunataka kuelewa tu.'"

Kisha ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mmoja akaweka dole gumba.

Juni ramani ikarudi. Eneo lililofungwa limefuata alama zake, nukta kwa nukta. Ile karatasi ya mahudhurio imebandikwa nyuma yake, na sasa inaitwa ridhaa ya jamii.

Wasikudanganye kwamba Wavezo wa hapa, watu wa bahari tangu mababu, hawajui kuhifadhi. Kila mwaka wanaufunga mwamba wenyewe miezi miwili na nusu ili pweza wakue, na anayevunja anatoa mbuzi. Zafitiana aliwahi kutoa. "Tena mbuzi mwenyewe alikuwa na mimba," anasema. "Bado inaniuma."

Ila wao wakifunga, wanafungua. Boya hili halina siku ya kuondoka. Zamani bamvua zuri lilimpa Soavelo kilo saba kwa siku. Leo ana pweza mmoja, akimuuza hafikishi hata ariary elfu tano.

Na hapa hawasahau. Mikoko nayo ilifungwa "kwa muda". Huu ni mwaka wa kumi na nne, kamba ingalipo. Sasa itazame hiyo ramani mpya. Kule nje zinakopita meli za kukokota nyavu hakuna rangi hata tone. Pameandikwa "itaangaliwa baadaye". Thelathini lazima itimie, na mwanamke anayetembea kwa miguu hana wakili.

Jumanne maofisa wanarudi kutafuta eneo la pili. Soavelo atakwenda.

"Uongo sitasema, na shimo sitataja," anasema. "Nitawaambia waisome ile karatasi yenye kidole changu, wote wasikie. Wakiifuta, tutafunga wenyewe, hata miezi minne. Nataka binti yangu afike kwa bibi yake kwa mguu."

"Wakikwambia uwaonyeshe pweza?" wifi yake anauliza.

"Nitawaonyesha meli."

Mkutano ni saa tatu asubuhi, uwanja wa shule. Wewe unayesoma, njoo. Karatasi ya mahudhurio ikikufikia, usiweke kidole mpaka isomwe kwa sauti, juu hadi chini. Na usiondoke uwanjani mpaka ile ya Februari ifutwe mbele ya macho yako.