Mgomba wa Barazani

Nimefungua kopo la rangi ya kijani, na harufu yake imenirudisha sebuleni kwetu Tukuyu, enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na rangi zikajaa madukani. Fundi kutoka pwani alimchorea baba nyumba ya zamani ya ukoo wetu pamoja na waliokaa humo. Bibi alichorwa barazani, kando ya baba mkwe wake.

Bibi alipoiona picha alijifunika kanga usoni, akatoka nje mvuani.

“Mwanangu, umenikalisha na mkwe!”

“Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe wake,” baba akamweleza fundi. “Hata kumtazama hamtazami.”

Fundi akachora mgomba katikati yao, majani yake yakamfunika mzee. Bibi akarudi, akaitazama nyumba yake mpaka chai ikapoa.

Sasa picha iko kwangu. Rangi ya mgomba inabanduka, na bega la mzee limeanza kuonekana. Nje kunanyesha. Nachovya brashi haraka.