Mbwa wa Amana Nyikani

Siku tuliyompeleka mbwa wa watu nyikani, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu asisikie nikisema hivyo. Nilikuwa msichana bado, nimefika Sydney majuzi tu kutoka Muheza, nakaa Macquarie Fields kwa Mama Bahati. Mama Bahati alikuwa mtu wa Bukavu, mpana wa umbo na wa moyo, na nyumba yake haikukosa mgeni. Mimi nilimwita mama, yeye akaniita mutoto, na maisha yakaenda.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kizungu, Mzee Len. Alipokwenda hospitali kubadilishwa nyonga, alimkabidhi Mama Bahati mbwa wake, jibwa la rangi ya chai ya maziwa, jina lake Biskuti. Mzee hakuwa na mke wala mtoto. Alimshika Mama Bahati mkono akamwambia, "Sina mwingine ila huyu." Sasa amana ya namna hiyo mtu anaikataaje?

Mama Bahati aliniuliza mara moja tu kama naogopa mbwa.

"Mimi? Nimekua nao," nikamjibu.

Na kweli nilikua nao: mimi mbele, wao nyuma, njia nzima ya shule. Lakini ukiwa mgeni katika nchi ya watu unadhani kila unaposema "siwezi" kimo chako kinapungua. Nikanyamaza na woga wangu.

Ikaja wikendi ndefu. Kijana mmoja Mkenya, Otieno, aliyekuwa akisoma chuo cha ufundi pale Campbelltown, alikuwa amenunua gari kuukuu na mkono unamwasha kulitembeza. "Twende tukapige kambi jangwani," akasema. "Siz, mimi ni mtu wa Lodwar. Jangwa nalijua fiti." Mama Bahati akasema haendi popote bila amana ya watu. Basi Otieno akatafuta mpaka akapata shamba moja mbali magharibi, ng'ambo ya milima, nchi kavu iliyoinuka juu, ambako mtu huruhusiwa kupiga kambi na mnyama wake.

Biskuti aliwekwa kiti cha nyuma pamoja nami. Akalaza kichwa mapajani mwangu, akasinzia. Nilikaa mikono juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi, hata shingo ikakaza. Mama Bahati akanitazama kwenye kioo.

"Anakupenda."

"Sana, mama," nikasema, jasho likinitiririka.

Tulikuta udongo mwekundu, vichaka vya kijivu, na anga kubwa inayomfanya mtu ajione punje ya mchele. Mwenye shamba, mama mmoja mwembamba wa kofia pana, akatupokea akiwa kwenye pikapu yake. Kiingereza chake kilimeza nusu ya maneno, lakini sharti lake tulilisikia lote: mbwa asiachwe huru hata kidogo, kwa sababu nyuma ya uzio kuna kondoo wenye watoto, na mbwa anayefukuza kondoo huku hupigwa risasi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuelekeza choo kilipo, na hilo ndilo lililotutisha.

Mtaalamu wetu wa jangwa akasimamisha hema. Lilipokwisha, mlango ulikuwa unatazama mbinguni.

"Lodwar ndivyo tunavyofanya," akasema bila kupepesa.

Mimi nikafungua meza ya kukunja, nikapanga sufuria ya pilau na kuku wa kukaanga niliowatoa nyumbani. Mama Bahati alitaka kubadili nguo. Kabla ya kuingia hemani, na aliingia kama mtu anayeshuka kisimani, akanipa kamba ya mbwa. "Shika huyu."

Nikaishika kwa vidole viwili. Biskuti akanisogelea anilambe, nami nikarudi nyuma. Akasogea tena. Nikaona heri nimfunge kwenye mguu wa meza, nipate kupumua.

Sikumaliza hata pumzi moja. Kangaruu aliibuka vichakani, akasimama wima, akatutazama kama mpangaji mwenzetu anayekuja kulalamikia kelele. Biskuti akafyatuka. Meza ikafyatuka naye. Sufuria ikapaa, pilau ikamwagika kwenye vumbi jekundu, kuku nao, ambao kwa uhai wao hawakuwahi kuruka hivyo, wakaruka.

"Pilau!" Otieno akapiga kelele. Ndiyo, mwanangu, jambo la kwanza alilolilia ni pilau.

Meza ikavunjika njiani. Mbwa akaendelea na mguu mmoja ukimdundia nyuma, akielekea uzioni, kwa kondoo. Hapo ndipo nilipomwona Mzee Len kwenye kitanda cha hospitali, akiuliza mbwa wake yuko wapi. Nilikimbia siku ile kama sijawahi kukimbia, na safari hii mbwa ndiye aliyekuwa mbele.

Biskuti akapenya chini ya waya. Mguu wa meza ukanasa. Akabaki upande wa pili amebanwa, analia, na kondoo wamejikusanya wakimshangaa. Kwa mbali nikaona vumbi la pikapu linakuja.

"Mkamate!" nikamwambia Otieno.

"Mkamate wewe! Si umekua na mbwa?"

"Nawaogopa, Otieno! Nawaogopa tangu utotoni!"

Akanitazama, macho yamemtoka. "Hata mimi. Mbwa nahofia vibaya. Na Lodwar nimeenda mara moja tu, harusi ya auntie."

Mama Bahati akafika, kitenge kakishika mkononi, anahema. Tukamgeukia kama vifaranga. "Mama, mfungue wewe."

"Miye?" akasema. "Miye naogopaka imbwa kupita ninyi wote! Kila asubui namusukumiaka chakula na ufagio murefu!"

Tukasimama pale, watu wazima watatu na mbwa mmoja, pikapu inakaribia. Kisha Mama Bahati akacheka, cheko la tumbo lile, akafunga kitenge vizuri. "Basi. Otieno, inua waya. Mutoto, shika ukosi ya shingo. Miye nitashika mukia na kuomba Mungu."

Nikafumba macho, nikashika. Nilichokisikia ni moyo wa Biskuti ukipiga kwa kasi kuliko wangu. Naye alikuwa anaogopa. Nikafumbua macho, nikamfungua kamba, nikamvuta kwetu, naye akanilamba uso mzima kuanzia kidevuni hadi kwenye nywele.

Mwenye shamba alishuka akatukuta tumelala chini tumemkumbatia mbwa mmoja, sote wanne wekundu wa vumbi. Akautazama mguu wa meza. Akaniuliza meza yenyewe iko wapi. Nikamweleza ukweli wote. Alicheka mpaka akavua kofia, akaenda kutuletea mikate na nyama ya kuchoma, na akamwonyesha Otieno mlango wa hema unapokaa.

Tulipokuwa tunakula Mama Bahati akaweka mkate chini. "Sisi tatu tulikuwa na woga moja," akasema, "na kila mutu akaificha kama nyama ya kuiba. Kama tulisema pale nyumbani, tungemujifunza huyu imbwa polepole, tukiwa salama. Angekufa leo juu ya haya yetu."

Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

Nakuambia haya kwa sababu unaanza kazi ya kuhudumia wazee, na jana ulipokuwa ukiongea na msimamizi wako kwenye simu nilikusikia ukisema "yes, no worries" kwa kila kitu. Akikuuliza kama umewahi kutumia mashine ya kumwinulia mgonjwa, na hujawahi, sema hujawahi. Utaona haya kidogo, kisha utafundishwa. Kuuliza si ujinga. Aliye kitandani ni mzazi wa mtu, amana ya watu, hafai kulipia kiburi chako. Na usiwe mwepesi wa kumcheka anayekiri woga wake, huenda amesema kwa niaba ya chumba kizima.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono mipole na ulimi usioona haya kusema kweli, na popote utakapotetemeka akukutanishe na watu wa kutetemeka nawe mpaka kazi iishe. Amina.